Tone la Oili Chini ya Chelel

Kijana wa duka la spea pale Litein aliniuliza swali dogo tu, nikashindwa kumjibu. Nilikuwa nimekwenda kununua mafuta ya boksi la stering la gari letu la zamani, kile chuma kilicho chini ya usukani ambacho hupokea mkono wa dereva na kuugeuza uwe mwendo wa magurudumu. Boksi hilo lilikuwa limefunguliwa na kutengenezwa upya mwezi huo, kwa mara ya pili katika maisha yangu. "Gogo, gari ni ya mwaka gani?" kijana aliuliza, akiniita bibi kwa lugha yetu. Nikamwambia lilikuwa barabarani kabla ya uhuru. Alitabasamu, akainama chini ya kaunta, akainuka na chupa moja na mkebe mmoja, akaviweka mbele yangu. "Hii chupa ni oil ya gia, ndio mlikuwa mnaweka kitambo. Lakini hizo gari sili zake, zile mpira za kuzuia oil, ni kama hakuna, gogo, itamwaga yote chini. Hii ingine ni grisi laini, inatembea kama uji. Haivuji. Ukiweka umemaliza, unasahau. Sasa nikupe gani?" Nilimwomba aniwekee vyote viwili kando, nikatoka nje nikaketi kwenye benchi, pikipiki zikipita na magunia ya kabichi. Mtu mzima, mwalimu mstaafu wa hesabu, nimeshindwa kuchagua kati ya chupa na mkebe. Lakini wiki moja kabla ya hapo tulikuwa tumemzika Mzee Ombati, jirani yetu, na miaka hiyo yote yeye ndiye aliyekuwa akilijibu swali hilo kwa niaba yetu.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa nimemaliza shule ya upili, nangoja kuitwa chuo cha ualimu, nikiishi Kimulot na Mama. Baba alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Gari lilikuwa limelala kando ya zizi, uso umepondeka, limefunikwa turubai ambalo kuku walilifanya kiota. Baba alikuwa amelipa jina la ng'ombe, Chelel, kwa kuwa lilikuwa jeupe, na sisi sote tulilizungumzia kama ng'ombe: Chelel amekula barabara, Chelel amekataa kuamka leo. Kwa hiyo alipoanguka na Baba ilikuwa vigumu kwangu kujua nimlaumu nani. Ilitokea kwenye kona ya chini, pale barabara inaposhuka kwenda mtoni katikati ya mashamba ya chai. Chelel hakupinda kabisa. Alikwenda moja kwa moja akaingia kwenye majani kana kwamba hapakuwa na kona. Watu waliofika kwanza walikuta chupa ya pombe kali imevunjika sakafuni, mbele ya kiti. Ilikuwa chupa ya kubebea oili. Kila mwenye gari huku kwetu hubeba oili katika chupa yoyote aliyookota, lakini oili ilikuwa imemwagika na karatasi ya pombe ilikuwa bado imeng'ang'ania kwenye kioo, na Baba kabla hajaokoka alikuwa mnywaji mashuhuri. Mlevi akiokoka, watu humpigia makofi kanisani halafu hukaa wakimngojea aanguke. Sasa walikuwa wamempata.

Katika kanisa letu mzee wa kanisa, kama alivyokuwa Baba, akifa hubebwa na wazee wenzake. Huo ndio utaratibu, na hakuna aliyewahi kuuandika popote. Siku ya Baba wazee walikuja na makoti yao, wakaimba, wakaomba, na wakati wa kuinua jeneza ulipofika wakarudi nyuma hatua kidogo, vijana wakasukumwa mbele. Mama aliona. Jumapili iliyofuata alihama kutoka benchi la mbele la akina mama, akaketi nyuma karibu na mlango, na hakuna aliyemwambia arudi. Mimi nilikuwa nikisikia mengine kwenye kituo cha kupimia majani ya chai, kwa sababu mtu akiinama juu ya kikapu chake watu humsahau. "Aliyeonja haachi," mwanamke mmoja alisema. Mwingine akajibu, "Ni mke ndio namhurumia. Atakuwa alijua." Mwanamke wa kwanza alikuwa Mama Eunice, kiongozi wa akina mama kanisani, mwenye sauti nzuri kuliko wote katika kwaya. Nilipanga majani yangu. Nilitamani kumwagia kikapu kizima kichwani.

Lakini jambo lenyewe ni hili, na ndilo lililotutesa: Mama hakuwa na uhakika. Angekuwa na uhakika angesimama mbele ya kanisa zima, namjua. Usiku ule wa kwanza aliniuliza mara moja tu kama Baba alikuwa ananuka pombe wiki zile za mwisho, na mimi nikasema hapana, na nikajua kwamba kuuliza kwake ndiko kulikomuumiza. Aliishi mwaka mzima na waume wawili, mmoja aliyeshika wokovu hadi mwisho na mmoja aliyemdanganya, na hakujua amlilie yupi. Siku moja wakati wa kuchuma chai alisimama ghafla, akatazama turubai kule zizini, akaniambia kwa Kipsigis, "Akiendelea kulala pale, kila anayepita anamsomea Baba yako kesi upya. Nataka Chelel aende kanisani. Asimame mlangoni kwa miguu yake." Mimi ndiye niliyefundishwa na Baba kuendesha gari, kwa hiyo nilijua ni nani ambaye angeshika usukani.

Mtu tuliyemwendea alikuwa jirani yetu Ombati. Alikuwa ametoka Gusii akiwa kijana, akaajiriwa fundi wa mashine katika kiwanda cha chai, akanunua kipande cha shamba kinachopakana na letu, akajenga, akazaa. Yeye na Baba walikuwa marafiki wa kutaniana. Ombati alikuwa Msabato, na kila Jumamosi akipita na Biblia yake Baba alikuwa akimwambia, "Leo si Jumapili, rafiki yangu, umeamka kabla ya Mungu." Ombati naye alikuwa akimjibu kwamba mtu anayekunywa maziwa yenye majivu hawezi kumfundisha mwingine kalenda. Hayo yalikuwa maneno yake kuhusu mursik, maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu, ingawa baada ya miaka michache alikuwa akija kuiomba mwenyewe. Baba alipokufa Ombati alikuja kila jioni akakaa kwenye kigoda jikoni, kofia yake magotini, hadi Mama amalize kupika. Alipoambiwa kwamba Mama anataka Chelel atengenezwe, alisema tu, "Sawa, Mama Rael," akimwita kwa jina langu, na kesho yake akaja na nyundo akaanza kunyoosha mabati.

Boksi la stering walilifungua Litein, kwenye kibanda cha fundi Langat, mtu mnene mchangamfu aliyekuwa akiimba nyimbo za redio huku akilegeza nati. Nilikuwepo kwa sababu nilibeba chakula chao. Langat alipoondoa kifuniko aliacha kuimba. Ndani palikuwa pamejaa grisi nyekundu hadi juu, nyingi kuliko inavyohitajika, lakini katikati yake palikuwa na tundu, limechongeka vizuri kabisa, na ndani ya tundu hilo kile chuma kilichosokotwa kama skrubu kilikuwa kikavu. Hakikuwa hata na unyevu. Kilikuwa kimekwaruzwa na kugeuka rangi ya samawati mahali fulani, kama sufuria iliyosahauliwa motoni. "Haa," Langat alisema, "hii ilishikana." Halafu akaanza kueleza habari za bushi, zile pete za chuma zinazoshika mhimili, za kuchongesha Kericho, kwa sababu kwake lilikuwa boksi tu. Ombati aliomba mafuta taa, akachukua boksi lile akaenda nalo nyuma ya kibanda, akaliosha peke yake, na Langat alipotaka kumsaidia alimwambia, "Acha." Nilidhani amechoka. Chakula nilichobeba hakukigusa.

Bushi mpya zilichongwa, boksi likaunganishwa, na likarudi nyumbani ndani ya kikapu cha majani ya chai, juu ya bega la Langat. Mama alitandika gunia mezani jikoni likawekwa hapo. Nalikumbuka jiko lile kuliko vyumba vyote nilivyowahi kuishi: moshi uliokwama kwenye paa, vibuyu vya mursik vilivyoning'inia ukutani, dirisha dogo la kutazamia mlima wa chai na nyuma yake msitu. Kilichobaki ilikuwa kuamua tujaze nini. Langat alitaka achanganye grisi na oili. "Tunakoroga inakuwa uji. Haitamwagika na haitakauka." Ombati alitikisa kichwa, akasema grisi si unga, kuna zile zinazopatana na kuna zile zinazokataana, ukizichanganya moja inaganda nyingine inakuwa maji, na hawezi kukoroga kitu asichokijua ndani ya usukani wa mtoto wa mwenzake. Yeye alitaka oili nzito ya gia peke yake. "Itavuja," Langat alisema. "Hii gari haina sili ya maana, Mzee. Utajaza leo, wiki ijayo iko chini." Ombati akasema, "Ivuje." Wakabishana hadi mawingu yakaanza kushuka, Langat akaona mvua ya mawe itamkuta njiani, akaondoka akisema tukikubaliana tumwite.

Ndipo Mama alipoinuka. Alikwenda stoo, akarudi na kopo la Baba. Tulilijua sote: kopo la maziwa ya unga, limejaa grisi nyekundu ya kiwandani, ambayo Baba alikuwa akiitunza kuliko sabuni. Miaka ile huku kwetu grisi ya kiwandani ilikuwa na sifa. Mtu akiwa na ndugu au rafiki kiwandani alipata kijiko, kikombe, na kila kitu kilichozunguka kilipakwa: baiskeli, mkokoteni, bawaba za mlango, mashine ya kukata nyasi za ng'ombe. Tuliamini kwamba ikiwa inaweza kuzungusha mashine kubwa kama zile mchana na usiku, basi ni dawa ya kila kitu. Mama alikuwa amelipangusa kopo vumbi kwa kanga yake. Aliliweka kando ya boksi. "Tuweke hii," alisema kwa Kiswahili, akimtazama Ombati. "Alikuwa anaipenda. Aliweka mwenyewe mwezi ile alikufa. Nataka kitu yake iwe ndani." Aliposema hivyo uso wake ulikuwa umelainika kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Hapana, Mama Rael," Ombati alisema.

"Kwa nini hapana? Haivuji. Wewe unataka ile ya kuvuja."

"Hiyo si ya stering."

"Lakini yeye aliweka."

Nilikuwa nimepakua chakula, kwa hiyo kila mtu alikuwa na sahani mbele yake, ugali na mboga za kienyeji, na kikombe cha mursik. Ombati alinawa mikono tena ingawa alikuwa amenawa. Alikaa akitazama sahani. Halafu akaingiza kidole katikati ya ugali wake, akakizungusha, akakitoa, na tundu likabaki pale, limechongeka vizuri. Nililitambua. "Hii ni grisi," alisema. "Hii ya draya, mashine ya kukausha chai, ni ngumu zaidi, imetengenezwa kukaa penye moto. Kule kiwandani ingine zinayeyuka, hii inakataa. Sasa huku kwetu asubuhi ni baridi. Chuma ikizunguka inaisukuma kando mara moja, na ikienda kando hairudi. Unafungua unaona boksi imejaa, unafurahi. Na katikati hakuna kitu." Akaingiza kidole kilekile ndani ya kikombe cha mursik, akakitoa, maziwa yakajifunga. "Hii ni oili. Inarudi."

Mama alitazama ugali kwa muda mrefu. Nilisikia matone ya kwanza ya mvua kwenye mabati. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Siku mlifungua kwa Langat, ilikuwa hivi?"

"Ilikuwa hivi."

"Ilishikana."

"Ndiyo, Mama. Alikata kona, ikakataa. Hakuna dereva angeweza. Hata mtu ambaye hajaonja kitu tangu azaliwe."

Mama alifunika mdomo kwa mkono. Nilidhani atalia, lakini alikuwa akipumua tu, kwa nguvu, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Kwa muda kidogo tulikuwa na furaha katika jiko lile, sioni aibu kusema hivyo, Baba alikuwa amerudishwa kwetu akiwa msafi. Halafu nikaona macho ya Mama yakihama kutoka kwenye ugali hadi kwenye kopo, na kutoka kwenye kopo hadi kwa Ombati. "Nani alimpa hii?"

"Ni mimi," Ombati alisema. "Alikuwa amechoka kujaza oili kila wiki. Nikamwambia nitakuletea kitu haivuji. Nikamletea." Machozi yalikuwa yakimtiririka, na hakuyafuta. "Nilikuwa nafikiria namsaidia. Nimejua tu siku ile kwa Langat. Mama Rael, mimi niko tayari. Jumapili nitakuja kanisa yenu, nisimame mbele, niwaambie hakuwa amekunywa. Niseme ni mimi."

Sasa lazima nieleze mwaka ule ulikuwaje, ingawa sipendi. Yalikuwa yameanza tena maneno ya mwenyeji na mgeni. Kwenye kituo cha majani wanaume waliokuwa wakisalimiana na Ombati kwa mikono miwili walikuwa wakinyamaza akipita, na nilimsikia mmoja, mtu wa heshima, akisema kwamba kuna watu wamekaa hapa hadi wamesahau kwamba walikuja. Familia moja upande wa chini ilikuwa imefunga vitu ikaondoka bila kuaga. Katika mwaka kama huo, mgeni kusimama kanisani na kusema kwamba kifo cha mwenyeji kilitoka mkononi mwake lisingekuwa ungamo tu. Nusu ya watu wangesikia maneno mawili ya mwanzo na kutoka nje. Nilielewa hilo baadaye, polepole. Mama alilielewa palepale, kabla ugali haujapoa.

"Usimame kanisa uende wapi?" alimwuliza. "Watoto yako watalala wapi hiyo usiku?"

"Lakini jina ya mzee."

"Hutaambia mtu. Hata mchungaji wako. Hata bibi yako." Akasukuma kopo hadi ukingoni mwa meza. "Zika hii kitu mbali na maji. Halafu weka oili. Ikivuja, utakuja wewe mwenyewe kuangalia. Kila mwezi utakuja, mpaka mimi nife ama wewe ufe. Sasa kula." Na Ombati, akilia, akala ule ugali wenye tundu, kwa sababu Mama alikuwa amekaa akimtazama hadi alipomaliza.

Alipoondoka nilimgeukia Mama kwa hasira ambayo sikuwahi kumwonyesha kabla. Nilimwambia kwamba anamwuza Baba. Nilimwambia kwamba tumepata kitu kilekile alichokuwa akikilalia njaa mwaka mzima na sasa anakifukia na kopo. Alikuwa akiosha sahani. "Baba yako ameshakufa," alisema. "Hawezi kufa tena. Ombati anaweza." Nikasema, "Na wewe je? Utakaa nyuma mlangoni maisha yako yote?" Akanijibu kwamba mlangoni kuna hewa nzuri. Sikumsamehe kwa jibu hilo kwa miaka mingi. Hata leo, kuna siku nikiosha sahani nalirudia kwa sauti na sijui kama nimekubali.

Chelel alikwenda kanisani Jumapili moja ya jua baada ya mvua ndefu. Mimi nilishika usukani, Mama kando yangu amevaa kitambaa cheupe, na nyuma, akiwa amejikunyata kwa tai iliyomkaba, Mzee Ombati, Msabato, akienda ibada ya Jumapili kwa mara ya kwanza. Mama ndiye aliyemwambia apande. Usukani ulikuwa umekwisha kulika pale Baba alipozoea kuushika, vidole vyangu viliingia ndani ya mikato ya vidole vyake hata nilipojaribu kushika mahali pengine. Tulipofika kona ya chini, nilipunguza mwendo. Upande wa kushoto palikuwa na pengo kwenye majani ya chai, na miche midogo iliyopandwa kuliziba. Nilikata kona, gari likapinda, nikalegeza mikono, usukani ukarudi wenyewe. Nyuma nilisikia Ombati akitoa pumzi. Kabla ya siku ile kila nikipita pale nilikuwa nikimwona Baba amelala, kichwa kifuani, hajui lolote. Tangu siku ile namwona yuko macho. Namwona akikata kona na usukani ukikataa, na anajua. Ukweli ulimsafisha jina kwetu sisi, lakini ulimfungua macho, na sijawahi kuweza kuyafumba tena.

Kanisani watu walitoka mlangoni kumtazama Chelel. Mama Eunice alizunguka gari zima, akagusa bati jipya, akamwambia Mama kwa upole wa kweli, nadhani alikusudia wema, "Mungu ni mwaminifu. Sasa mmepata dereva ambaye hanywi." Mama akamshika mkono. "Asante," alisema. Nilitazama nyuma. Ombati alikuwa bado ndani ya gari, ameinamisha kichwa hadi kofia imefunika uso. Nadhani hiyo ndiyo adhabu aliyopewa, na aliitumikia hadi mwisho.

Alikuja kila mwezi. Nilienda chuo, nikaajiriwa Chepseon, nikaolewa, nikafiwa, nikarudi Kimulot, na kila nilipokuwepo nilimwona akiingia lango na kopo lake lenye mdomo mrefu. Kwanza alikuwa akiinama chini ya Chelel kutafuta tone. Palikuwa na doa jeusi pale ambalo hata mvua haikuliondoa. "Ikivuja kuna kitu ndani," aliniambia mara nyingi. "Siku hutaona tone, Rael, hiyo siku uogope." Halafu alikuwa akifungua kizibo, anaingiza kidole, anaongeza oili, anakuja jikoni kunywa chai na Mama. Walikuwa wakizungumza habari za ng'ombe na magoti. Ilikuja miaka mibaya zaidi ya ule niliousimulia, ya kufukuza wageni, na katika mwaka mmoja kati ya hiyo Mama alilala kwa Ombati siku kadhaa, yeye mwenyewe, kwenye kiti mlangoni, ili atakayekuja amkute kwanza. Hakuna aliyekuja. Nilipomwuliza baadaye alisema alikuwa amekwenda kuwasaidia kuchambua maharagwe.

Tulimzika Ombati nyumbani kwake, kwenye shamba lile lile. Watu walijaa hadi kwenye majani yetu ya chai, na wengi wao walikuwa vijana. Mama, ambaye sasa anakaribia miaka tisini, alikuwa ameketi hemani kwenye kiti cha plastiki, blanketi moja limefunika magoti yake na ya Mama Eunice, ambaye amebaki mwembamba na bado anaimba. Wakati wa kumimina udongo niliinama sikioni mwa Mama nikamwuliza, "Sasa naweza kusema?" Akanitazama. "Umwambie nani?" Nikainua macho nitafute. Wazee waliorudi nyuma siku ya jeneza walikuwa wamekufa wote. Wanaume wa kituo cha majani walikuwa wamekufa. Wajukuu wao walikuwa wakipiga picha kwa simu. Alikuwa amebaki mmoja, na alikuwa chini ya blanketi lile lile. Nilipiga magoti mbele yake, nikamshika mikono, nikamwambia polepole ili asikie: "Mama Eunice, Baba yangu hakuwa amelewa siku ile. Ni usukani ulishikana." Nilikuwa nimelibeba neno hilo tangu nikiwa msichana, na sauti ilinitoka kama ya msichana.

Mama Eunice alinitazama kwa huruma, akitafuta. "Koech?" alisema. "Mzee wa kanisa? Kwani nani alisema alikuwa amelewa?" Akamgeukia Mama. "Huyo mtu alikuwa ameokoka kabisa. Nani anaweza kusema kitu kama hiyo?" Mama aliuvuta ukingo wa blanketi akamfunika vizuri. "Hakuna mtu," alisema. "Imba."

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kwenye benchi la Litein. Nikarudi dukani nikachukua mkebe. Nimechoka, magoti yangu hayawezi kuinama kila mwezi, na Ombati hayupo, na kijana alinihakikishia kwamba grisi hii laini inarudi, si kama zile ngumu za zamani, nami nilimwamini kwa sababu niliimimina kidogo kwenye kiganja changu, nikapitisha kidole, nikaona imejifunga. Mtoto wa Langat aliijaza siku hiyo hiyo, akafunga, akafuta mikono.

Asubuhi yake nilitoka na kikombe cha chai. Ukungu ulikuwa bado chini, na nilijikuta nimeinama kando ya Chelel. Doa la zamani lilikuwa limekauka. Palikuwa na mchanga tu na unyoya wa kuku. Nyuma yangu dirisha la jikoni likafunguliwa.

"Amedondosha?" Mama aliuliza.

"Hapana, Mama. Hii mpya haivuji."

Nilisikia mkono wake ukitafuta ukingo wa dirisha.

"Angalia vizuri," alisema.

Nikaweka kikombe chini, nikapiga magoti, nikaangalia tena.